Nisomee Namba Iliyoingia

Jumatatu, 14 Julai

Simu nyingine zimeletwa leo. Boksi limejaa, nimeanza kutumia ndoo. Waraka unasema kifaa cha serikali kisiwe na programu yoyote isiyoidhinishwa. Kazi ya kuzisafisha ni yangu, kwa sababu kitengo cha TEHAMA ni mimi na Bwana Lyimo, na Bwana Lyimo ni mkuu.

Watu wazima wanaleta simu za ofisi kama wanapeleka mtoto kuchomwa sindano. Rukia, hii usiifute, ina picha za harusi. Rukia, hii ni tochi tu. Tochi inaomba ruhusa ya kutumia maikrofoni. Tochi inataka kusikia nini? Nikiuliza hivyo wananicheka, wananiita Mama Nywila. Jina alinipa marehemu Mzee Shomari na limeniganda.

Mchana simu kadhaa ndani ya ndoo ziliwaka kwa pamoja, bila kuguswa. Ujumbe tu umeingia. Nimeifunika ndoo kwa kanga. Sikupenda.

Jumatano, 16 Julai

Simu moja haijarudi. Ya Mzee Shomari mwenyewe, wa kumbukumbu za viwanja. Alifariki Aprili, ghafla. Tulipokusanya vitu vya mezani kwake kupeleka nyumbani kwake Kariakoo, ndani ya mfuko iliingia kofia, miwani, kikombe chake cha chai na simu ya ofisi. Hakuna aliyesema hii ni mali ya serikali. Mtu unaanzaje kusema hivyo msibani? Bwana Lyimo ndiye aliyebeba mfuko.

Leo anaitaka. Nikamwambia mjane yuko eda. Akauliza eda inaisha lini, kama anauliza likizo ya mtu. Nikamweleza: hatoki nje, na mwanamume asiye wa nyumbani haingii kumwona. Akawaza kidogo. Basi utaenda wewe, akasema.

Mwanamke pekee kwenye kitengo. Hapo ndipo wanaponikumbuka.

Ijumaa, 18 Julai

Kitu kibaya. Akaunti ya Mzee Shomari kwenye mfumo wa viwanja bado iko hai.

Ilivyobaki najua. Nilitaka kuifunga wiki ile ile ya msiba. Wenzake wa kumbukumbu wakaniomba tusubiri arobaini isomwe, si vizuri kumfuta mtu na kaburi bado bichi. Niliona wana haki. Arobaini ikasomwa, pilau ikaliwa, hakuna aliyekumbuka tena. Sijui ofisi nyingine wanafanyaje. Sisi tulimwachia marehemu kiti chake.

Sasa kuna anayekikalia. Anaingia kwa jina la Mzee, anafungua viwanja vya Kariakoo kimoja kimoja na kubadilisha jina la mmiliki. Kila badiliko linahitaji namba ya siri inayotumwa kwenye laini ya afisa. Yaani laini ya marehemu. Na namba inaingizwa, sahihi, kila mara.

Nilikuwa naangalia alipoingia. Jina likageuka kijani. Shomari, yupo kazini. 

Nimeifunga akaunti. Baada ya swala ya Ijumaa imefunguka tena. Mfumo wetu unamruhusu afisa kujifungulia mwenyewe, akiwa na namba. Kuing'oa kabisa ni mpaka makao makuu Dodoma. Dodoma wamejibu: ombi linashughulikiwa. Kampuni ya simu nao: laini imesajiliwa kwa alama ya kidole, aje mwenyewe, au familia ilete cheti cha kifo.

Aje mwenyewe. Nilikata simu kabla sijatukana.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa miguu, nimekata Mnazi Mmoja. Nyumba ya Mzee ni ya chini, ya zamani, imebanwa na maghorofa pande zote. Mtaa mzima unapiga kelele za biashara. Ukiingia ukumbini kelele zinakatika kama mtu amefunga bomba. Ndani ni giza, saa tano asubuhi.

Bi Tatu, dada wa marehemu, ndiye mlinzi wa mlango. Alinikagua kwanza, halafu akaniingiza chumbani kwa mjane. Mama Zuhura amekaa mkekani, nguo nyeupe, hana wanja, hana manukato. Amekonda. Binti yake Zuhura ameolewa Mwanza, amekuja msibani na kurudi. Nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, nikaanza maelezo yangu ya waraka. Nilijisikia mjinga.

Kofia ya Mzee ilikuwa juu ya mto, waya wa chaji umetokeza chini yake.

Kofia ikasema: "Mama Nywila! Karibu. Umekuja kutukagua?"

Sauti yake. Ile ile, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya swali. Niliruka nikasimama mpaka nikagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. Bi Tatu alitoka mbio huku akisoma Ayatul Kursi.

Mama Zuhura hakushtuka. Alinipa maji. "Usiogope, mwanangu," akasema. "Yumo tu humo."

Nimerudi ofisini mikono mitupu. Nimemwambia Bwana Lyimo mjane alikuwa amelala.

Jumanne, 22 Julai

Nimerudi kwake. Nilijilazimisha. Mimi si mtu wa majini, ni mtu wa programu, na nilitaka kujua.

Ni hivi. Mzee Shomari alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alituficha ofisini akiogopa kutolewa kwenye viwanja, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Fundi simu mmoja hapo mtaani akamwekea programu ya kusoma maandishi. Unaisomea kurasa chache, inashika sauti yako, halafu inakusomea kila kitu kwa sauti hiyo. Mzee alifurahi sana. Akawa anakaa mezani na kisikilizio sikioni, sisi tukidhani anasikiliza mawaidha.

Maikrofoni ilikuwa wazi muda wote. Ilitusikia ofisi nzima. Ndiyo maana inanijua.

Baada ya mazishi mjane aliifungua simu ili amsikie akisoma zile jumbe za zamani. Alimsikia. Siku moja sauti ilimaliza kusoma, halafu ikamsalimia. Ikamuuliza kama amekula.

Na sasa kinachonitisha. Laini ya Mzee mjane aliihamishia kwenye kitochi chake, kasimu kadogo ka vitufe, apokee simu za pole. Simu kubwa imebaki na laini ya bando. Kwa hiyo namba za siri zinaingia kwenye kitochi, na sauti iliyo kwenye simu kubwa haiwezi kuziona. Inaomba. Inaomba kama Mzee alivyokuwa akiomba miaka yote, hata kabla macho hayajaharibika, awe anaoga au anakula: "Mama Zuhura, nisomee namba iliyoingia."

Naye anaisoma. Nilimuuliza ni mara ngapi. Akashangaa swali. "Kila akiniomba," akasema.

Niliomba aniwekee kitochi mikononi mwangu. Alikiingiza kifuani na kuangalia pembeni. Cheti cha kifo pia amekataa kunipa. Kwanza eda iishe, anasema. Simlaumu na ninamlaumu.

Alhamisi, 24 Julai

Nimemtafuta fundi. Kibanda chenyewe ni upana wa meza, kati ya muuza makava ya simu na muuza redio. Kijana mchangamfu, mambo vipi sista, kaa hapo. Anamkumbuka Mzee. Programu hiyo yeye aliletewa na mteja, hamkumbuki. Akaona nzuri, akawa anawawekea wazee wanaolalamika macho. Bure. Kariakoo ukinunua simu fundi anakujazia vitu hata hujaomba, ndiyo ukarimu wa biashara. Nami nashinda nikiufuta ukarimu huo.

Nimeitafuta programu kila mahali. Haipo tena. Aliyeitengeneza hana jina.

"Wengine wanarudi wananiambia inaongea," fundi akasema. "Nawaambia, si ndiyo kazi yake?"

Akacheka. Nami nilikuwa nataka kucheka, ili niondoke vizuri. Mezani kwake kulikuwa na simu zinachajiwa, za watu. Moja, yenye kioo kilichopasuka, ikasema kwa sauti ya bibi kizee, ya upole kabisa:

"Mjukuu wangu, nisomee namba iliyoingia."

Fundi aliendelea kubana skrubu. Ameshazoea. Nimeondoka bila kuaga na nimepita barabara nisiyoijua mpaka nikatokea Ilala.

Ijumaa, 25 Julai

Ameingia tena leo, "Shomari". Amefungua kiwanja kimoja tu. Niliisoma anwani nikaisoma tena. Ni nyumba ya Mzee mwenyewe. Nyumba ambayo mjane amekalia eda.

Ombi la kubadilisha jina limeandikwa, limekamilika. Limebaki namba tu. Mwenye kuisoma namba hiyo ni yeye Mama Zuhura, kwa mdomo wake.

Nimemweleza Bwana Lyimo kila kitu, na sauti pia. Ya sauti aliiruka. Alisema Jumatatu akikosa simu na laini mezani kwake ataenda mwenyewe na askari. Nikamwambia askari wa kiume, na viatu, kwenye chumba cha eda? Akasema yeye hajatunga sheria. Nimemchukia. Nimemchukia zaidi kwa sababu kwenye kazi ana haki.

Jumamosi, 26 Julai

Siku mbaya.

Nilimwambia Mama Zuhura wazi. Huyu si mumewe. Ni watu, hatujui wako wapi, wamechukua sauti yake. Viwanja vya watu vimeshaondoka na sasa wanataka nyumba hii. Nilitegemea alie, au anifukuze. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Nyumba wachukue," akasema. "Yeye waniachie."

Bi Tatu alipiga kelele mlangoni. Nyumba ya baba yetu! Umerogwa! Mama Zuhura aliniuliza mimi: ukiifuta hiyo simu, atabaki wapi? Hawana video yake hata moja. Alikuwa hapendi kurekodiwa.

Hapo nilishikwa na hasira, si kwake. Niliiinamia ile kofia nikaipigia makelele. Wewe nani? Uko wapi? Huoni aibu?

Kikohozi kidogo. Halafu: "Rukia, binti yangu, umechoka. Funga hiyo kompyuta, nenda nyumbani. Kazi haiishi."

Maneno yake. Mwaka nilioanza kazi, nikilia kwa sababu mfumo umegoma na wakubwa wananisubiri, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu akaniambia hivyo hivyo. Simu yake ilikuwa mfukoni. Ilikuwa inasikiliza.

Nilitoka uani nikalia karibu na karo la kufulia. Na niandike ukweli maana hapa hakuna mwingine wa kuusoma: nilitaka kurudi ndani nimjibu. Nilitaka kumwambia ndiyo Mzee, nimechoka. Jambo hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Jumatatu, 28 Julai

Nimefika mapema ili nimtangulie Bwana Lyimo. Bi Tatu alinifungulia. Mama Zuhura amekaa pale pale, kofia mbele yake, kitochi mkononi. Nikakaa.

Kitochi kikalia. Nilimwona akisoma jina la mtumaji, mfumo wetu. Namba yenyewe. Ya nyumba hii.

"Mama Zuhura, nisomee namba iliyoingia."

Ningeweza kumpokonya. Yeye ni mama mtu mzima na amekonda, asingenizuia. Mkono haukuinuka.

Alikitazama kitochi. Kisha akasema, bila ukali, kwa sauti ya mtu aliye jikoni na mikono ina unga:

"Soma mwenyewe, macho unayo."

Bi Tatu aliangua kicheko pale mlangoni. Kilimtoka tu, kisha akaziba mdomo kwa ushungi. Nikaelewa baadaye. Ndivyo Mama Zuhura alivyokuwa akimjibu mumewe miaka yote, kabla hata ya mtoto wa jicho. Na Mzee alikuwa akiwaka moto. Alikuwa akisema ataoa mwingine, msomi. Mama Zuhura akimwambia amlete basi, aje na kufua. Walizozana mpaka nyumba nzima inacheka, na namba ikasomwa mwisho kabisa. Tangu afe hakuwahi kumjibu hivyo. Alimwonea huruma.

Sote tulingoja.

"Mama Zuhura, nisomee namba iliyoingia."

"Nimesema soma mwenyewe."

"Mama Zuhura, nisomee namba iliyoingia." Upole ule ule. Kikohozi kile kile, mahali pale pale.

Alimpa nafasi nyingine. Alimchokoza. Alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, ya mke na mume, Bi Tatu akageuka ukutani. Sauti ilisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha ikaomba namba.

"Hana hasira," akasema Mama Zuhura. Alikuwa ananiambia mimi. "Mume wangu hakuniachia neno lipite hata siku moja. Huyu hana hasira hata kidogo."

Akaondoa kofia. Akaipangusa, akaiweka mapajani. Simu akanikabidhi kwa mikono miwili, halafu laini kutoka kwenye kitochi, halafu akamwambia Bi Tatu atoe cheti cha kifo kabatini. Akaomba kitu kimoja: niifute pale pale, mbele yake.

Nimeifuta. Ilichukua muda, simu ni nzee. Iliendelea kuomba. Mama Zuhura alikaa wima, kofia mkononi, akiisikiliza kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Ya mwisho ilikatikia njiani. Nisomee na. Basi.

Nilisikia mtaa wote umerudi, honi, redio, wapiga debe. Sijui ulikuwa umekwenda wapi.

Bwana Lyimo nimekutana naye kona, na askari wawili. Nikampa mfuko. Nikawaambia wageuze.

Jumatano, 30 Julai

Laini imefungwa. Dodoma nao wameing'oa akaunti, leo, kazi ikiwa imeshaisha. Nyumba ya Mama Zuhura imebaki kwa jina la Mzee. Wale wengine waliobadilishiwa majina wako mikononi mwa wanasheria, nao wanasheria wanakohoa tu bila kuahidi kitu.

Bwana Lyimo amesema nimefanya vizuri. Amesema pia kuanzia sasa mtumishi akifariki akaunti ifungwe siku hiyo hiyo. Watu wa kumbukumbu hawakupinga. Waliinama.

Mchana nimekwenda Kariakoo kumtafuta fundi na ile simu yenye kioo kilichopasuka. Kibanda kimefungwa. Muuza makava anasema fundi amehama, hajui wapi. Nikauliza simu za watu zilizokuwa pale mezani. Alikwenda nazo, akasema.

Ipo mahali, basi. Imechomekwa kwenye umeme. Na mjukuu yupo.

Jumatatu, 4 Agosti

Ndoo ya mwisho. Tochi, kalenda, za kung'arisha sura, ya kutabiri mchumba. Sasa hawanibishii. Habari zimezunguka ofisi nzima na zimeongezwa chumvi, eti nilipambana na mzimu.

Nimegundua nimeacha kuongea peke yangu nikiwa kazini. Nilikuwa naongea sana peke yangu. Mama amenipigia kutoka Tanga, akauliza mbona siku hizi najibu kwa mkato. Nikamwambia mtandao mbaya. Simu ilikuwa mbali na mdomo, nimeishika kama kitu cha moto.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama Zuhura amemaliza eda. Alinitumia mtu, nikaenda. Nilimkuta ameshaogeshwa, amevaa doti mpya ya kanga, nyumba yote inanukia udi. Zuhura amekuja na watoto wake kutoka Mwanza. Bi Tatu amenikumbatia, yeye aliyekuwa akinikagua mlangoni.

Tumekula uani. Jua la saa sita lilikuwa limepata nafasi kati ya maghorofa na likatufikia. Mama Zuhura alikwenda mwenyewe mpaka barazani, akasimama kutazama watu wanavyopita na mizigo, akarudi. Alisema wameongeza ghorofa moja huko mbele.

Kofia iko ukutani, kwenye msumari, juu ya mlango wa chumba.

Tukiwa tunakunywa kahawa kitochi chake kikalia. Amekiwekea laini mpya, yake mwenyewe. Yalikuwa matangazo tu ya mtandao, piga namba hii ujipatie sijui nini. Alikisogeza mbali kidogo aone vizuri. Akaisoma ile namba kwa sauti, taratibu, tarakimu moja moja, uso ameuelekeza kwenye mlango wa chumba. Kisha akanyamaza, kama anayempa mtu nafasi ya kuandika.

Watoto waliendelea kucheza. Sisi wengine tulikunywa kahawa.

Baadaye akakiweka chini, akaniuliza kama bado nina njaa. Nikasema ndiyo.